Jeni Iliyobadilika

Mume wangu ni Mganda, fundi wa kuchomelea mageti pale soko la Jebel, katika mji huu ambako sote wawili ni wageni. Mwaka juzi nilikuwa nikimnyoa nywele nikahisi vinundu shingoni, vikiteleza chini ya ngozi kama njugu. Akasema haviumi. Nikamburuta hadi kliniki, kwa daktari mmoja Mkenya mwenzangu. Vipimo vikaonyesha saratani ya damu, ile sugu inayokwenda polepole.

"Lakini hata hizi za polepole hazifanani," daktari alisema. "Nyingine hukimbia. Tupime jeni za hizo seli za saratani, tujue yako ni ya mwendo gani."

Damu ikapelekwa Nairobi.

Majibu yaliingia kwenye simu ya mume wangu akiwa kazini. Katika maneno yote yale ya kitaalamu alielewa moja tu: jeni imebadilika. Nilipompelekea chakula cha mchana nilimkuta ameketi juu ya mabomba, mashine imezimwa.

"Mama watoto, khalas, basi," akaniambia. "Damu yangu nabadilika."

Nilikaa kando yake mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake tulikwenda kliniki. Nilivaa gauni la kanisani, sijui kwa nini. Daktari akasoma majibu, akatabasamu, nami nikamchukia kwa tabasamu lile.

"Nani amewatisha? Kwa ugonjwa huu, jeni hii ikiwa imebadilika ndiyo heri. Seli za namna hiyo kwa kawaida huenda taratibu. Na ile kasoro ya kromosomu tunayoiogopa zaidi, wewe huna."

"Basi dawa iko wapi?" mume wangu akauliza.

"Kwa sasa hakuna. Tutapima damu kila baada ya miezi michache. Siwezi kukuahidi kwamba hutaihitaji kamwe, lakini leo huihitaji."

Hapo ndipo alipokasirika. "Mimi iko na kansa, halafu wewe nasema mimi nende nyumbani?"

Alinuna njia nzima hadi kituo cha mabasi cha Custom. Nikamwuliza, "Baba watoto, kwani ulitaka akupe dawa kali ndiyo ufurahi?" Akanitazama, akaanza kucheka, akacheka hadi akajifuta machozi.

Vinundu bado vipo. Asubuhi za kupima damu hatuzungumzi sana. Ila juzi amepokea kazi ya geti la kanisa, kubwa, la miezi mingi, wala hakuniuliza kama aikubali.