Maziwa ya Kumsindikiza Choijil

Kila asubuhi, kabla hajaonja hata chai, mama Yanjmaa alitoka hemani na kijiko chake cha mti, akachota maziwa ya kwanza, akayarusha juu. Juu kabisa, mbinguni, maana huko ndiko alikoelekea mwanawe Choijil siku ile roketi ilipombeba. Mtu akisafiri, mama yake humsindikiza kwa maziwa. Hilo halina mjadala Mongolia nzima. Ila Choijil alishashuka miaka mingi, yuko mjini Ulaanbaatar, naibu waziri wa barabara, tai shingoni. Na mama bado anarusha juu.

"Mama mkwe, huyo mtu alishatua!" Gombo, mume wa binti yake, hakuchoka. "Unawanywesha kunguru."

"Miguu ndiyo iliyotua," mama alimjibu. "Roho yake bado iko huko. Nimemzaa mimi au umemzaa wewe?"

Na Choijil si mtu wa kubahatisha, jamani. Injinia yule! Walichujwa vijana nchi nzima mpaka akabaki yeye. Lakini majira ya baridi alipokuwa huko angani, alichungulia dirishani akaiona nchi yake nyeupe pee, kama mtu kaifunika sanda. Mwaka ule kondoo walikufa wamesimama. Malori ya nyasi yalikwama ng'ambo ya mto, barafu imepasuka, daraja hakuna. Anazunguka juu ya zizi la mama yake, na hawezi kudondosha hata konzi ya majani! Aliporudi wakampa nishani, yeye akaomba kazi ya barabara. Kiti kikazaa kiti kikubwa zaidi, na daraja likaota miguu. Miguu tu, nguzo tupu zimesimama mtoni kama ngamia waliosahauliwa.

Basi siku hiyo gari la serikali likafika. Choijil na Gombo wakapeana chupa za ugoro, wakanusa, wakaulizana hali ya mifugo.

"Shemeji," Gombo akaanza, "wewe ulikuwa unaizunguka dunia nzima kabla nyama haijaiva chunguni mwangu. Kadaraja haka kanakushindaje?"

"Angani hakuna kamati, Gombo."

Mama akacheka mpaka chai ya chumvi ikamwagika. Choijil hakucheka sana.

"Mama, wananiita tena," akasema. "Kiti kipo kwenye roketi. Nikikubali, naacha unaibu waziri. Wanataka jibu leo."

Gombo akafunga chupa yake ya ugoro.

"Unakutaka huko?" mama akauliza.

Choijil akatazama tundu la paa, pale moshi unapotokea. "Kule mtu huna uzito, mama. Unaachia kikombe, kinakungoja. Mjini nikifumba macho ofisini, naelea. Nikifumbua, naona mafaili."

"Na daraja?"

"Anayetaka kiti changu ana mpango wa kulihamishia kwao."

"Haya," mama akasema, akamjazia bakuli. "Mimi maziwa ninayo. Popote utakapokwenda, yatatosha."

Choijil alitaka mama amwambie nenda. Au amwambie usiende. Mama hakumchagulia.

Simu hushika kilimani tu. Choijil akapanda peke yake, akapiga. "Kiti cha roketi mpeni kijana mwingine," alisema. "Mimi nina mto huku." Akakata. Hakushuka upesi. Alikaa ameinua uso kama mtu anayesubiri kuitwa jina, mpaka shingo ikamuuma.

"Umejibu?" Gombo akamuuliza aliporudi.

"Nimejibu."

"Umejibu nini, kiumbe wewe?"

"Niletee maziwa ya farasi ninywe, niondoke."

Gari likawaka. Mama akatoka na kijiko chake. Choijil hakuwa amemwambia kitu, akabaki kukikodolea macho kioo cha pembeni, aone atarushia wapi.

Mama hakuinua uso. Aliinama, akayamwaga maziwa chini, kwenye gurudumu la nyuma na kwenye vumbi la barabara, kama anavyosindikizwa mfugaji yeyote anayekwenda kuuza manyoya.

Mtu wa mwisho aliyekuwa akimtafuta huko juu, naye ameacha kumtafuta.

Walipofika mtoni, akamgusa dereva bega. "Simama. Hakuna njia nyingine? Maziwa ya mama yapo kwenye gurudumu, yataoshwa."

Dereva akamtazama, akaitazama ile miguu ya daraja katikati ya maji. "Mheshimiwa, njia nyingine si tunakungoja wewe?"

Choijil akakohoa, akavua tai, akaiweka mfukoni. "Haya, ingia. Taratibu."

Gari likaingia mtoni.