Shosho Hakuuliza Jina

Harufu ya maganda ya kahawa yanayooza kando ya mto hunirudisha kwenye msimu mmoja wa mavuno, nje kidogo ya mji wa Nyeri, shambani kwa nyanya yangu tuliyemwita Shosho. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Asubuhi moja ya ukungu alitokea mwanamke mwenye mkono uliovimba, akaomba kazi ya kuchuma. Shosho alimpa debe, na jioni akampa kitanda karibu na changu. Hakumwuliza jina wala alikotoka. Alimwita Mgeni tu.

Mimi nilimshuku Mgeni. Kila mbwa alipobweka, aliinama chini ya matawi ya mibuni. Shuleni tulifundishwa kwamba kuuliza si ujinga, lakini kila nilipofungua mdomo Shosho alinikatiza: "Lete maji." Majirani nao walikuwa na maneno yao juu ya Shosho: amepooza, hana habari, moyo wake umelala. Mama Wanja, aliyeishi ng'ambo ya ua, alimcheka waziwazi. "Wewe ni baridi kama ugali ya jana! Ati mtu analala kwako na hujui jina yake?"

Mavuno yakielekea kwisha, alikuja mwanamume mwenye fimbo mkononi na tope hadi magotini.

"Shosho, nimetoka Mwea. Natafuta bibi yangu, anaitwa Njeri."

"Sijui mtu anaitwa hivyo," Shosho alijibu, akiendelea kutenganisha kahawa mbivu na mbichi. "Vibarua ni wengi. Mimi huuliza kama debe imejaa, siulizi majina."

Mwanamume akanigeukia mimi. "Na wewe, kasichana? Unamjua Njeri?"

"Simjui," nilisema, na ilikuwa kweli. Shosho, ambaye hakusema uongo tangu aokoke, alikuwa ameniandalia hata mimi jibu safi. Mwanamume alitukazia macho, akatema mate, akaenda zake. Jioni hiyo nililijua jina la Mgeni, nami sikulitamka.

Tangu hapo nimekusanya maneno ya hali hiyo ya kutouliza, kamusi baada ya kamusi: kutojali, kupuuza, ubaridi, kujitia hamnazo. Hilo la mwisho linakaribia, ila halitoshi. Siku hizi mtu akihamia kwenye ploti yetu ya wapangaji, kabla hajashusha godoro tumeshajua kanisa lake na aliyemwacha, na simu zimeshasambaza. Tunaita hiyo kujaliana. Mimi sina hakika. Nikikutana na mtu asiyeuliza chochote, simwiti baridi. Nashuku kwanza kwamba kuna mtu amelala salama nyuma ya mlango wake.