Mama Friji na Ramani Iliyomhamisha

Nyumba yangu na yake zinatumia ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni mwembamba mno. Mtu akipiga chafya upande huu, wa upande ule anaitikia "Afya!" Kwa hiyo habari hizi nazisimulia bila kuongeza chumvi. Nyingine nilizisikia zikitokea, na zilizobaki alinihadithia mwenyewe tukianika nguo.

Mtaani tunamwita Mama Friji. Hana duka la mafriji, na sidhani kama amewahi kushika bisibisi. Kazi yake ni kuwajibu wateja wa kampuni moja inayouza mafriji, majiko na mashine za kufulia. Anafanyia kazi nyumbani, kwenye meza ndogo iliyobanwa kati ya kitanda na dirisha, kompyuta mbele yake na vidude vya kusikilizia masikioni. Kutwa nzima namsikia: "Pole sana, kaka. Hebu tuanze na soketi. Umeme upo?" Ana sauti ya kumtuliza hata mtu aliyefungua friji akakuta nyama imeoza. Mumewe, ambaye ni fundi bomba, hulalamika kwamba wateja wanaipata sauti hiyo kila siku, ila yeye mpaka augue.

Wenzake wote wa kitengo hicho nao hufanyia kazi majumbani. Msimamizi wao anaishi humuhumu mjini, lakini Mama Friji alikuwa hajawahi kumwona ana kwa ana. Alimjua kwa sauti ya simu na kwa ujumbe wake, ambao kila mmoja ulianza na neno "tafadhali", hata ule wa kukukaripia. Wafanyakazi wakambandika jina: Bwana Tafadhali.

Sasa, tovuti ya kampuni ile ina mambo yake. Ukiifungua tu, kabla hujagusa chochote, inakutajia duka lililo karibu nawe. Imejuaje ulipo? Mama Friji alinifafanulia hivi: kila anayeingia mtandaoni huingia na namba aliyopewa na kampuni yake ya intaneti, kama gari linavyotembea na namba zake. Tovuti inaisoma ile namba, inaangalia imeandikishwa mji gani, halafu inakisia. Mara nyingi inapatia. Ikikosea, mtu anaambiwa akanunue jiko mahali pa safari ya kutwa nzima, na anapiga simu akiwa anafoka. Kampuni ilikuwa imeshawaandalia jibu la kuwapoza watu hao, na Mama Friji alilijua kama jina lake: "Mahali panapoonyeshwa ni makadirio tu, na huenda pasiwe pale ulipo."

Balaa lilianza pale ilipogundulika kwamba mfanyakazi mmoja alishahamia nchi nyingine kimyakimya, huku akipokea simu kana kwamba yuko mtaa wa pili. Wakubwa wakakasirika. Wakatangaza kwamba kufanyia kazi nyumbani ni ruksa, ila nyumbani kwenyewe kuwe ndani ya mji huu, ili mtu akiitwa ofisini leo afike leo. Na ili kuhakikisha, kile chombo cha kukisia duka la mteja wakakigeuzia wafanyakazi. Ukiingia kazini asubuhi, kidoti chako kinatokea kwenye ramani ya msimamizi.

Kidoti cha Mama Friji kikatokea kwa mama yake.

Si utani. Mama yake mzazi anaishi mji mwingine, mbali. Ukipanda basi alfajiri unashuka jua limeshaanza kuinama. Anaishi na mdogo wake Mama Friji wa kiume, ambaye ni kinyozi. Katika miji yote iliyopo, ramani ikauchagua huo.

"Tafadhali, dada, uko wapi?" Bwana Tafadhali alimuuliza kwenye simu.

"Niko nyumbani, bosi."

"Nyumbani wapi?"

"Nyumbani kwangu. Hapa dirishani."

"Ulipoajiriwa ulituambia ukipatwa na jambo tumpigie mama yako. Mama yako anaishi wapi vile?"

Mama Friji akautaja ule mji.

"Basi ni hukohuko ramani inakokuonyesha, dada."

"Lakini bosi, mahali panapoonyeshwa ni makadirio tu, na huenda pasiwe—"

"Dada, hayo ni maneno ya wateja."

Akapiga picha ya dirisha na mtaa unaoonekana nje, akaituma. Bwana Tafadhali akajibu kwamba mitaa yote inafanana. Siku iliyofuata Mama Friji akaniita mimi, akiwa anaonana na Bwana Tafadhali kwenye kompyuta, niingie nimpungie mkono. Nikajifuta povu la sabuni, nikaingia, nikapunga. "Huyu ni jirani yangu," Mama Friji akasema. Yule bwana akanisalimia vizuri tu, halafu akasema, "Nashukuru, ila majirani hawakosekani mahali popote." Niliudhika! Yaani miaka yote hii naishi hapa, na mtu ananichukulia kama pazia.

Mumewe naye akasema, "Mwambie aje aone mwenyewe. Akija wakati mzuri nitamrekebishia na bomba la kwake."

Mama Friji akamwalika, akajitolea hata kufika ofisini siku hiyohiyo. Bwana Tafadhali akasema ingekuwa juu yake angekuja, lakini agizo limetoka kwa wakubwa, nao wanaiangalia ramani, hawaangalii madirisha wala mlango wa ofisi. Kisha akaandika: tafadhali, hadi mwisho wa mwezi uwe umerudi mjini.

"Nirudi kutoka wapi?" Mama Friji alikuwa akiuliza kuta. Aliwapigia watu wa kampuni yake ya intaneti. Wakamwambia ndiyo, namba zao nyingi ziliandikishwa kule kwa sababu ofisi yao ya kwanza ilikuwa kule. Watajaribu kuomba zirekebishwe, lakini anayetunza hizo kumbukumbu si wao, na hawajui atachukua muda gani. Siku hiyo baada ya kazi nilimsikia akilia. Nikagonga ukuta, akanyamaza, nikajilaumu kwa kugonga. Baadaye aliniambia hakuwa akililia kazi. Alikuwa akilia kwa sababu ameifanyia kampuni ile kazi miaka na miaka bila kumdanganya mteja hata mmoja, na leo anaambiwa amehama na anaficha.

Mambo yakiwa bado hayajatulia, mdogo wake akapiga simu. Mama kateleza uani, kavunjika mkono, na kiuno kinamuuma hata kugeuka kitandani ni shida.

"Dada, njoo," kinyozi akasema. "Mimi naweza kumnyoa mama. Kumwogesha siwezi."

Mama Friji akakaa kwenye ukingo wa kitanda asijue aanzie wapi. Likizo yake ilikuwa imeshakwisha. Akiomba ruhusa ya kwenda kwa mama, tena mji uleule anaotuhumiwa nao, nani ataamini kwamba ndiyo kwanza anakwenda? Na akienda bila kusema, atakuwa amefanya kweli kile walichomsingizia.

Mumewe ndiye aliyekata shauri. "Wenyewe wameshakuhamishia huko. Nenda tu kachukue nafasi yako."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Alfajiri akapanda basi, kompyuta ameipakata kama mtoto.

Alipofika alimkuta mama yake mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko, nywele hazijachanwa, na hataki kusikia neno hospitali. Akamwogesha, akamchana, akambadilishia mashuka. Kesho yake asubuhi akaweka kompyuta juu ya stuli, akamwomba mdogo wake amwachie simu ya kupatia intaneti, akaingia kazini. Alikuwa amejiambia kwamba ramani itaonyesha yaleyale inayoonyesha kila siku, na yeye atatafuta namna ya kusema mambo yakipoa.

Hakujibu wateja wengi kabla simu yake haijaita. Ni Bwana Tafadhali, na sauti ina furaha.

"Tafadhali, dada, pokea pongezi zangu! Umerudi!"

"Nimerudi?"

"Kidoti chako kiko mjini kabisa, hapa kati. Nilijua wewe ni mtu muelewa. Hili jambo lako nalifunga leo, na hakuna atakayekuuliza tena."

Ni ile simu ya kinyozi. Kampuni yake ya simu hupitishia intaneti yote kwenye mitambo iliyoko huku kwetu, kwa hiyo hata mtu akiwa porini, tovuti humwona kama yuko mjini.

Aliniambia neno "asante" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Angelisema tu, yakaisha. Wakati huo alikuwa anamkata mama yake kucha za mkono mzima, wembe katika mkono wake wa kulia na kidole gumba cha mama katika wa kushoto, simu ameibana kwa bega.

"Bosi," akasema, "leo ndiyo siko."

"Huko wapi?"

"Siko mjini. Niko kwa mama, kaanguka kavunjika mkono. Siku zote ulizokuwa unaniambia niko huku, nilikuwa kwangu. Leo unayoniambia niko kwangu, ndiyo niko huku."

"Tafadhali, rudia."

Akarudia, neno kwa neno. Mama yake, aliyekuwa amenyoosha vidole akisubiri, akauliza ni nani huyo anayemkatisha kazi.

"Ni bosi wangu, mama."

"Hebu nipe."

Akaichukua simu kwa ule mkono mzima. "Hujambo, mwanangu. Huyu binti yangu ananikata kucha. Kuna ubaya?"

"Shikamoo, mama. Hakuna ubaya wowote. Pole sana."

"Marahaba, nimeshapoa. Basi mwache amalize huu mkono, ndipo muendelee na mazungumzo yenu."

Akakata simu.

Nilimuuliza Mama Friji kwa nini alijitia kitanzi mwenyewe wakati mlango ulikuwa wazi. Akasema, "Ningepokea zile pongezi, ningekuwa nimekubali kwamba kabla ya hapo nilikuwa mwongo."

Bwana Tafadhali angeweza kulifukia. Badala yake, siku hiyo aliifungua tovuti ya kazi akiwa kwake kwa intaneti ya nyumbani, kisha kwa simu yake, kisha akaenda kwa shemeji yake akajaribu tena. Ramani ikampeleka sehemu tatu tofauti, na moja ilikuwa katikati ya ziwa. Ndipo akaamini. Akaandika yote kwa wakubwa, pamoja na kwamba yeye mwenyewe alimshuku mtu bila sababu.

Usifikiri wakubwa waliomba radhi. Walisema kwanza huyu mama amekiri yuko nje ya mji bila ruhusa, apewe onyo. Akapewa. Bwana Tafadhali alimpigia kumweleza, akashindwa kuanza sentensi, mpaka Mama Friji akamsaidia: "Ni onyo, bosi? Haya, nitumie nitie sahihi." Akatia. Lakini baada ya hapo vidoti vya wafanyakazi vikaondolewa kwenye ramani, na ikakubaliwa kwamba mwenye mgonjwa aseme tu, atapewa nafasi ya kufanyia kazi kule aliko. Tovuti ikarudi kuwakisia wateja peke yao, na simu za wanaofoka zinaendelea kama kawaida.

Mama Friji alikaa kule hadi plasta ikatolewa. Aliniambia ulikuwa muda mtamu kuliko alivyotegemea. Mama yake alikuwa akisikiliza simu zote akiwa amelala, na wateja wakizidi kelele alikuwa akitoa ushauri wake kwa sauti: "Mwambie anunue jingine!" Siku moja mteja akauliza huyo ni nani, Mama Friji akajibu bila kusita kwamba ni meneja mkuu. Mkono wa mama yake umepona, ila haunyooki sawasawa, na sasa Mama Friji huenda kule mara kwa mara na kompyuta yake, wazi, bila kujificha. Mumewe akibaki peke yake huwa ananiomba chumvi kila jioni, mpaka nikamnunulia pakiti yake.

Na Bwana Tafadhali siku hizi akipiga simu huanza na "Mama anaendeleaje?", kisha ndiyo mafriji.

Juzi tulikuwa tunakunja mashuka, yeye ncha mbili na mimi ncha mbili. Nikamuuliza kama lile onyo bado linamuuma.

"Onyo halinisumbui," akasema. "Kosa hilo nililifanya kweli. Kinachoniuma ni ule mwezi kabla yake." Akavuta shuka likanyooka. "Bosi nimemsamehe, maana alinitafuta akaniambia alinishuku bure. Wale wengine nawafanyia kazi tu."

Nilitaka kumwambia neno la kumfariji, lakini simu ya kazi ikaanza kuita kule ndani. Akanitupia ncha zake mbili, akakimbilia mezani, na mara nikamsikia kupitia ukutani: "Pole sana, dada. Usijali, tuko pamoja. Hebu niambie, linatoa mlio gani?"