Pikipiki ya kukimbizana haibebi mama-mukwe

Leo mucheke na mimi. Tunamucheka Bahati, mutoto ya dada yangu.

Ule kijana iko na pikipiki moja tu, ya kazi. Sasa anataka mashindano ya pikipiki ya dimanche, siku ya Mungu. Nilimuambia: "Nunua ya pili ya kukimbizana, ya kazi uiache."

Akajifanya fundi. Akakata kiti nusu, akatosha porte-bagages, ile chuma ya nyuma ya kubebea mizigo, eti iwe nyepesi.

Nyepesi kama akili yake!

Leo asubuhi mama ya muchumba wake akafika hapa Kibabi kupanga siku ya dot, ni kusema mahari. Bahati akaenda kumupokea ku barabara. Mama akaangalia ile kiti.

"Nitakaa wapi? Ku mugongo ya mukwe wangu?"

Kwetu mama-mukwe hagusi mukwe hata mukono. Bahati akanipigia simu.

Njo nikaleta pikipiki yangu, mimi mwenye nilipelekaka ngombe muzima mpaka Pinga ku pikipiki. Mama akakaa vizuri, kikapo katikati yetu.

Kufika ku nyumba, nikauliza siku ya dot.

Mama akanijibu: "Papa, tutaongea siku Bahati atakuwa na pikipiki ya kubeba watu."

Bahati iko inasoma maneno hii hapa ku groupe yetu. Mumuambie, mimi nimechoka.