Mkono wa Kidonda na Mkono wa Kibuyu

Keti hapa karibu, msomaji, na kama kuna kidole ulichokikata jana ukakifunga kwa kipande cha leso, kilete mwangani tukitazame huku tukiongea. Usione haya. Nimetazama vidonda vya boma hili tangu nilipoolewa, vya kisu, vya panga, vya waya wa ua, na sijawahi kugeuza uso. Kilichonitesa ni kidonda kimoja tu, ambacho nilikikuta kimeshafungwa na mtu mwingine.

Sisi tunakaa nje kidogo ya Sosiot. Chai yetu inateremka mpaka mtoni, na huku juu karibu na nyumba kuna ng'ombe na nyasi ndefu za nepia za kuwalisha. Mahali penye ng'ombe na nepia, panga haliwekwi chini, kwa hivyo watu hukatika. Mama mkwe wangu ndiye aliyenipa kazi ya kuwaangalia. Aliona jinsi nilivyomsafisha mume wangu siku ya kwanza alipojikata akipogoa chai, akasema, "Mtu akiumia, asiguswe na mwingine ila huyu." Maneno hayo niliyaweka moyoni. Nilitafuta mkebe wa biskuti, nikatia ndani sabuni, bendeji, plasta, kibano na mkasi mdogo, nikauweka juu ya kabati ambapo kila mtu anauona.

Njia yangu si ya haraka. Kwanza ninanawa mikono yangu mwenyewe, maana mikono iliyotoka kukamua au kuchuna majani haifai kukaribia damu ya mtu. Halafu ninakandamiza kidonda kwa kitambaa safi bila kufungua-fungua kuchungulia, kwa sababu kila ukichungulia unaifungulia damu mlango uliokuwa unaanza kufungwa. Damu ikitulia, ninamimina maji safi, mengi, kutoka kwenye jagi, mpaka mchanga na vijiti vitoke. Sabuni inazunguka pembeni tu. Spiriti simwagi ndani. Inachoma nyama ile ile tunayoiomba ipone. Kisha ninafunika.

Watu walikuwa wakinicheka. Mume wangu alizoea kusema, "Kwa huyu ukienda na mkwaruzo, unarudi umeoga." Lakini walikuja. Hata waliocheka walikuja.

Kisha shemeji yangu mdogo akaoa msichana wa Bomet mjini. Watu wa msichana huyo asili yao ni kule kati ya nchi, walihamia zamani wakafungua duka la vifaa vya ujenzi. Alikuja na kicheko chepesi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anasalimu wazee kwa Kipsigis vizuri kuliko wengine waliozaliwa hapa. Alikuwa na plasta zenye picha za wanyama. Mtoto akikwaruzwa goti, yeye alilipuliza, akabandika simba, basi. Niliwaona watoto wangu mwenyewe wakipita mlango wangu na damu mguuni, wakielekea kwake.

"Mbona hamji kwangu?" niliwauliza.

"Wewe unaosha sana, mama," mmoja akajibu. "Auntie hana maji."

Nilicheka. Nilipobaki peke yangu niliuteremsha mkebe, nikapangusa vumbi kwenye kifuniko, nikaurudisha.

Sasa nikueleze kuhusu vibuyu, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa. Dada mdogo wa mume wangu, kitinda mimba, alikuwa ameposwa, na wageni wa koito, yaani watu wa upande wa kijana, walikuwa wanakuja kuzungumza mahari. Wageni kama hao hawakaribishwi bila mursik. Kibuyu kinasuguliwa ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet mpaka kiwe cheusi, maziwa yaliyochemshwa yakapoa yanatiwa, kinafungwa na kuachwa yagande polepole. Kibuyu kikiwa kichafu, maziwa yanaharibika, na aibu ni ya nyumba nzima. Mama hakuwahi kumwachia mtu vibuyu vyake. Lakini umri ulikuwa umefika, na sote tulijua kuwa yule atakayemkabidhi safari hii ndiye atakayewamiminia wageni, na kuanzia siku hiyo ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenye nyumba baada yake. Mimi ndiye mke wa mwanawe mkubwa. Nilikuwa ninangoja tu kuambiwa.

Asubuhi moja nilirudi kutoka kituo cha kupimia majani na kikapu tupu mgongoni, nikamkuta mama ameketi mlangoni kwa yule wa Bomet. Mkono wake wa kulia ulikuwa na plasta ya twiga kiganjani.

"Nini hii, mama?"

"Panga. Nilikuwa ninakata nepia, mkono ukateleza kwenye makali. Usisumbuke, nishatibiwa."

"Imeoshwa?"

"Tumepaka mafuta ya kukamulia," yule mwingine akasema, akanyanyua mkebe wake kunionyesha, amefurahi kama mtu aliyepika ugali wa kwanza ukaiva. "Si ndivyo mnafanya huku?"

Ndivyo tunavyofanya, na hilo ndilo lililoniuma. Mafuta yale mazito ni ya chuchu za ng'ombe, lakini hapa kwetu yanapakwa kila kitu: midomo wakati wa baridi, visigino, nyuso za watoto kabla ya kanisa. Ngozi nzima hayaidhuru. Lakini mkebe wa mafuta hayo unaingizwa vidole vilivyotoka chini ya ng'ombe, na ukiyapaka juu ya kidonda ambacho hakijaoshwa, unaufungia uchafu ndani kama mboga kwenye sufuria.

"Mnaona huyu?" mama akasema, akimpiga yule binti begani kwa mkono mzima. "Ameshashika mambo yetu. Na mkono wake ni mwepesi, sikusikia hata kidogo."

Ningeweza kueleza pale pale. Kueleza ndiyo kazi ninayoipenda. Lakini niliona jinsi mama alivyoegemea bega lile, na nikajua neno lolote nitakalotoa litasikika kama wivu, kwa sababu lilikuwa wivu pia. Nikasema tu, "Kesho tuibadilishe, mama." Akaniambia, "Tutaona."

Hakuniita kesho yake. Alitembea na mkono ndani ya leso. Nilipomuuliza, alisema unapona vizuri wenyewe. Siku moja akanipa kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Mama yule hampi mtu kitu kwa kushoto, hata mtoto, hata akiwa na hasira. Nilikipokea kikombe, nikakiweka chini bila kunywa.

Jioni hiyo yule wa Bomet alikuja jikoni kwangu mwenyewe. Alisimama mlangoni hakuingia.

"Dada, mkono wa mama umechemka. Umevimba. Ananikataza nisikuambie."

"Kwa nini?"

"Anasema utamwosha."

Ninakwambia ukweli, kabla ya hofu kunifikia, kilichonifikia ni hiki: kwamba mama alikuwa na siri, na siri hiyo alimpa yeye. Halafu nikauteremsha mkebe.

Tulimkuta mama kitandani amegeukia ukuta. Hakubishana. Twiga alikuwa amelowa na kuchanika nusu, na chini yake ngozi ilikuwa nyeupe kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Pembeni ilikuwa nyekundu na ya moto, na katikati kulikuwa na usaha kidogo na kipande cha nepia.

"Lete jagi," nikamwambia yule binti. "Maji yaliyochemshwa, yaliyopoa."

"Yeye anishike mkono," mama akasema. "Wewe osha, lakini yeye anishike."

Basi nikaosha, naye akamshika. Nilimwonyesha huku nikifanya kazi: tazama, mafuta yanatoka kwanza kwa sabuni pembeni, kisha maji yanatiririka kutoka juu, hayatulii ndani. Kijiti hiki nakitoa kwa kibano kilichochemshwa. Usaha sikamui kwa vidole. Aliuliza maswali mazuri, na nilitamani angeuliza mabaya.

"Ukiona wekundu unatambaa, au joto, au homa, hapo si kazi ya mkebe tena," nikamwambia. "Na panga la zizini linahitaji sindano ya pepopunda."

"Mimi siendi kokote," mama akauambia ukuta.

"Utaenda, mama. Na bodaboda nitaiita mimi."

Asubuhi alikwenda zahanati, akachomwa sindano, akapewa dawa za kumeza, na muuguzi akasema bendeji ya kidonda ibadilishwe kila siku na mtu mwenye mikono safi. Mama aliporudi alinitazama mimi. Alisema mbele ya wote, "Ni huyu." Nikahisi boma lote limerudi mahali pake.

Akaendelea, kwa sauti ile ile.

"Sasa vibuyu. Wageni wanakaribia." Akamgeukia yule wa Bomet. "Wewe utakuja tuanze kesho. Nitakuelekeza."

"Mama," nikasema.

"Wewe mkono wako uko na kidonda changu. Mkono uliogusa kidonda hausafishi kibuyu. Si wewe huwaambia watoto hivyo?"

Ni mimi. Sheria ni yake, lakini sababu yake mimi ndiye niliyewaeleza watoto, kwa uvumilivu, wakikaa hapo jikoni: kwamba usaha haupendi kukaa mahali pamoja, unasafiri.

Kwa hivyo kila asubuhi nilifungua kiganja cha mama, nikakiosha, nikakikausha, nikakifunika, na kupitia dirishani nikasikia kijinga kikisugua ndani ya kibuyu, na kicheko. Kiganja kilizidi kufunga. Nyama ikawa ya waridi, kisha kavu. Hakuna kidonda nilichowahi kukitunza vizuri kama kile, na kila siku kilivyopona ndivyo nilivyozidi kupoteza vibuyu.

Wageni walipokuja, yule wa Bomet aliingia na kibuyu, akamimina. Maziwa yalikuwa mazuri, mazito, yenye harufu ya moshi, na mjomba wa kijana aliomba tena. Mama alinyanyua kiganja chake kuwaonyesha kovu. "Niliumia vibaya," akasema. "Huyu ndiye alinishika mkono." Wageni wakamwambia yule binti, "Kongoi," yaani asante. Mume wangu alinitazama kutoka upande wa pili wa sebule, akasema polepole, "Nyinyi wa sabuni hamshukuriwi duniani." Nikacheka, nikanywa kikombe changu mpaka chini, na kilikuwa kitamu, na hilo nalo sijamsamehe yule binti.

Siku hizi yule binti huosha kwanza. Watoto wameanza kumlalamikia. Mkebe wa biskuti uko pale pale kabatini, na yeye ana wake, na nimeona amepanga vitu kama nilivyopanga mimi.

Haya, nipe kidole chako. Damu imeshakoma, ila kitambaa hiki kimelowa. Kitoe. Nawa mikono kwa sabuni, mimina maji safi juu ya kidonda mpaka kisibaki na uchafu, kikaushe pembeni kwa kupapasa, ufunike kwa plasta safi na kavu, na kesho, au mapema zaidi ikilowa, uibadilishe.