Uzi wa Kijani kwenye Barua ya Manispaa

Jumatatu, tarehe nne Machi, saa mbili na robo asubuhi. Dobi anapuliza mkaa wa pasi, moshi umemjaa machoni, na hana habari kwamba siku imeshaharibika mlangoni kwake.

Nje, afisa wa manispaa amepaka gundi, amebandika barua na kuondoka bila hata hodi. Wa kwanza kuiona ni binti wa dobi, kitinda mimba wake, mwenye miaka ishirini na miwili. Mtaani wanamwita Bosi. Bosi hajui kusoma. Anachojua ni kwamba kitu kikiletwa mlangoni, kimeletwa kishughulikiwe.

Anaibandua polepole, kona kwa kona. Anaikunja mara nne kama leso, anaitia uzi wa kijani pembeni, anaipanga kwenye rafu.

Katika chumba cha kufulia anamofanya kazi Bosi na vijana wengine wasiosoma kama yeye, uzi ndio daftari. Utaratibu huo aliubuni marehemu mke wa dobi. Kila mteja ana rangi yake: muuza dawa nyekundu, mwalimu mstaafu bluu, nyumba ya wageni njano, mishono miwili. Kijani ni ya mtu ambaye bado hajajulikana. Na sheria ni moja tu: chenye uzi hakitoki kwenye rafu mpaka mwenyewe aje.

“Mke wangu alisema hawa vijana hawana ubovu wowote kichwani, ila herufi zinawakimbia,” anasema dobi, mwenye miaka sitini na mmoja. “Rangi haziwakimbii. Basi akashika rangi.”

Ilianza miaka tisa iliyopita, kwa Bosi peke yake, baada ya shule kumrudisha nyumbani na kuwaambia wazazi wasijisumbue. Majirani walipomwona akikunja mashati yakanyooka kuliko ya dukani, wakaanza kuleta wa kwao, mmoja mmoja, kwa aibu aibu. Wakafika vijana sita wenye ulemavu wa kujifunza.

Mmoja wao ni Kimya, aliyemaliza utoto wake nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje. Mama yake anauza mboga na alihofia mwanawe atapotea. Dobi alimpa mablanketi akamue. Blanketi likipita mikononi mwa Kimya, halidondoshi hata tone.

“Jioni ya kwanza alirudi akaniambia, mama, nimechoka,” anasimulia muuza mboga. “Nililia. Mwanangu hajawahi kuchoshwa na kitu maishani mwake.”

Mke wa dobi alifariki miaka minne iliyopita. Mumewe hamung’unyi maneno: walikaa siku tatu kwenye benchi la hospitali, daktari yuko semina. Tangu hapo mtu yeyote mwenye mhuri hamwamini, na Machi haikumpa sababu ya kubadili mawazo.

Saa nne asubuhi ile, afisa alirudi kukagua akakuta mlango mtupu. Akauliza barua iko wapi. Dobi akaapa hajaona barua yoyote. Bosi alielewa haraka kuliko baba yake: mteja amefuata mzigo. Akaitoa kwenye rafu, akaishika kifuani, akamtazama afisa juu mpaka chini.

“Ni yako?”

“Si yangu. Mimi nimetumwa tu. Imetoka juu.”

“Basi mwenyewe aje,” akasema Bosi, akairudisha mahali pake.

Kimya akaangua kicheko, na hapo ndipo mambo yalipochacha. Afisa, ambaye pengine angewapa wiki moja ya kujipanga kabla ya kufungiwa chumba, alijiona amegeuzwa kichekesho. Mchana wakatolewa nje, Bosi akiwa na barua mkononi, mlango ukatiwa kufuli. Chumba ni mali ya manispaa, wakaambiwa, na vijana wa aina hiyo hawaruhusiwi kufundishwa humo bila mtu mwenye cheti. Dobi aliishia darasa la nne.

“Walipokuwa wamefungiwa majumbani, hakuna aliyekuja kukagua,” anasema. “Wametoka, wanafanya kazi, ndiyo mtu anakumbuka kununua gundi.”

Sasa kazi imetawanyika kwenye baraza tatu za majirani. Nguo arobaini kwa siku zimebaki kumi na tano. Watano wanajikongoja. Kimya ameshindwa: baraza aliyopewa iko kando ya barabara kuu, na kila honi inamtimua mbio. Mama yake amerudi kuufunga ule mlango kwa nje. Anasema mwanawe ameacha tena kusalimia.

Dobi ameshafika manispaa mara tano. Huenda na Bosi, maana barua haimtoki mkononi, hata baba yake hampi. Dirisha la kwanza linasema imetoka kwa wanasheria. Wanasheria wanasema ni ya majengo. Majengo wanasema sahihi ile hawaijui.

“Wanaitazama kama nzi kwenye chai,” anasema dobi. “Kila mmoja anamsogezea mwenzake.”

Hata hivyo hajakunja mikono. Fundi cherehani, anayewapa vijana nyuzi zake, ana cheti cha kufundisha ufundi na amekubali kusimama kama mwalimu wao. Mwalimu mstaafu ameshaandika maombi, ukurasa mmoja, mwandiko wa kupendeza. Kinachotakiwa ni mtu mmoja tu wa kuyapokea: yule aliyetia sahihi. Siku hiyo, dobi anasema, atakwenda mwenyewe kumfungulia Kimya.

Wiki ya kumi na mbili hii. Kila asubuhi, kabla hajagusa shati la mtu, Bosi anaikung’uta barua vumbi, anakagua uzi, anaikunja upya. Mzigo wa mgeni haujawahi kukaa kwake muda mrefu hivi. Kisha anamgeukia baba yake, aliyeinama juu ya pasi, na kumuuliza kama alivyomuuliza jana:

“Baba, mwenyewe anakuja lini?”