Chupa Iliyomshinda Dada wa Mazoezi

Pale kliniki ya Mbagala, sie tulioachiwa maumivu ya viungo na homa ya chikungunya tuna mtaalamu wa kutunyoosha viungo, tunamwita dada wa mazoezi. Ana viganja vipana kama vya mfyatua matofali, na sauti ya chini isiyopanda wala kushuka: "Kunja. Kunjua. Kunja tena, mama." Ukilia, anasubiri umalize, halafu anaendelea kuhesabu pale pale alipoishia. Hutupatia kanga zilizolowa tuzikamue kwenye beseni, naye huinama kuyatazama matone kama mtu anayechagua mchele. Mwisho kabisa huja na chupa yake ya chai: "Nifungulie, mama. Mie imenishinda." Miezi mitatu nimehangaika na chupa ile, vidole vinawaka moto, namrudishia nimenuna. Jitu la mikono ile, kumwomba mgonjwa!

Jumanne hii niliikamata kwa hasira, nikazungusha, kifuniko kikalegea, kikatoka. Nilidhani nitasikia harufu ya tangawizi. Nikachungulia: maji ya bomba matupu. Nilipoinua macho, alikuwa ameshaanza kuandika kwenye kadi yangu.

"Kumbe hamna chai humu!"

"Chai utaenda kujipikia mwenyewe nyumbani," alisema. "Sufuria utaibeba sasa."

Akakifunga kifuniko, akakikaza kwa nguvu, akaenda kwa mzee aliyekaa pembeni yangu, akainama kidogo. "Shikamoo, baba. Hebu nifungulie hii, mie imenishinda."

Mzee akanitazama kama anayeomba msaada. Nikauma midomo nisicheke.